Mlango wa Wikio

Watu wa vitabu huiita saruji. Sisi tunaoiuza twaiita simiti, na mimi naiuza kuliko mtu yeyote kutoka Makadara mpaka Bondeni. Sisemi kwa kujisifu, ulizia. Shule niliiacha kabla sijamaliza ya msingi, na leo mainjinia waliotundika vyeti ukutani hunipigia simu kuniuliza mchanga upi utashika karibu na bahari na upi utatoa chumvi baada ya mvua moja. Nimejenga nyumba ya mamangu, nimejenga yangu, na wanangu wote wamesoma mpaka wakachoka. Lakini kuna jambo moja ambalo vijana wangu wa kazi wanalijua na hawathubutu kunitania nalo. Simiti ikitiwa maji, mimi husogea upande ule upepo unakotoka. Ikiwa kavu hainisumbui. Ikiwa mbichi, ile harufu yake ya baridi, kama chuma kilicholala ndani ya kisima, hunirudisha Kuze, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya Ami Mbarak, nina ndoo ya mchanga kichwani na furaha tele moyoni. Furaha hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, si kitu kingine.

Nyinyi mliokua miaka yetu mtaikumbuka Kuze ilivyokuwa. Maji ya mfereji yalikuja yanapotaka. Waya za stimu zilining'inia kwenye kuta kama kamba za kuanikia nguo, na nyumba zimeegemeana kama wazee wanaotoka msikitini. Kichochoro chetu, mtu mzima akinyoosha mikono alikuwa anagusa nyumba za pande zote mbili. Chini, baba alikuwa na karakana ya magodoro. Si haya ya sponji mnayolalia siku hizi mkaamka na migongo inauma. Yalikuwa magodoro ya sufi na pamba, yakishonwa kwa sindano ndefu kama mkono wangu. Hewa ya nyumba yetu ilikuwa na sufi ndani yake. Tuliila kwenye wali, tuliikuta kwenye nyusi zetu. Juu tuliishi sisi: baba, mama, mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado akibebwa, na Bibi, mamake baba, ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja. Bibi hakuweza kutembea. Alikaa kitandani karibu na dirisha, na habari za mtaa mzima alikuwa nazo kabla ya walioteremka kuzitafuta.

Ng'ambo ya kichochoro ndipo ilipokuwa nyumba ya Ami Mbarak. Baina ya nyumba zetu, huko juu, palikuwa na wikio. Kwa watoto wetu ambao hawajaliona, wikio ni daraja lenye kuta na paa, limekaa juu ya kichochoro likiunganisha nyumba mbili, wanawake wapate kutembeleana bila kushuka njiani. Letu lilijengwa kwa boriti na mbao. Mwisho wetu palikuwa na mlango, na mwisho wao palikuwa na mlango mzito wa zamani, uliofungukia upande wa wikio, na komeo lake dogo hata mimi nililifikia.

Ami Mbarak hakuzaliwa tumbo moja na baba. Mamake alifariki akimzaa, na Bibi siku zile alikuwa ananyonyesha baba, basi akamchukua na yule. Ziwa hili la huyu, ziwa hili la huyu. Na kwetu maziwa si mchezo. Ukinyonya kwa mama umekuwa mwanawe. Humuoi binti yake, na yeye hajifuniki mbele yako. Ndiyo maana Ami alipita kwa wikio asubuhi na jioni. Alikohoa kidogo tu, mamangu avute leso kichwani, maana mamangu hakuwa maharimu yake, kisha akaenda moja kwa moja kukaa ukingoni mwa kitanda cha Bibi, na Bibi nywele zake nyeupe ziko wazi.

"Sabalkheri, mamangu. Umelalaje?"

"Nilale vipi, na wewe wakoroma mpaka huku."

Kila siku maneno yale yale, na kila siku wakacheka kama mapya.

Kisha likaungua duka moja huko Bondeni. Tulipanda juu tukauona moshi, mweusi, umesimama wima. Gari la zimamoto lilikuja likafika mdomoni mwa kichochoro likabaki pale pale, likilia, halina pa kupita, mpaka duka likaisha. Hakufa mtu, lakini mtaa wetu haukulala vizuri tena. Wanaume wakaanza kukutana baada ya sala ya alasiri kwenye baraza ya Mzee Shee, aliyekuwa karani bandarini na sasa amestaafu, mtu wa kupanga mambo.

"Moto hauna hodi," alisema Mzee Shee, "na gari haliingii. Basi zimamoto ni sisi wenyewe."

Wakakubaliana. Kila nyumba iweke pipa la maji na ndoo za mchanga. Wenye maduka watoe mafuta ya taa ndani. Na kila nyumba iseme, njia ya mlangoni ikizibwa na moto, watu wake watatokea wapi. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni mwa baba, na nakumbuka jinsi macho yote yalivyomgeukia yeye.

"Athmani, wewe wakalia baruti," mmoja akasema.

"Nakalia riziki yangu," baba akajibu.

"Riziki hiyo ikishika cheche, yakhe, sote tutakula."

Wakacheka. Baba alicheka pia, lakini nilihisi goti lake limekaza. Hapo Ami Mbarak akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Mwacheni ndugu yangu," alisema. "Athmani ana wikio. Moto ukija, mama anapita kwangu, watoto wanapita kwangu. Nyumba yangu ndiyo mlango wake wa nyuma."

Kifua kilinijaa. Nilimtazama kila mtoto aliyekuwa pale, mmoja baada ya mwingine, nihakikishe amesikia.

Kutoka siku hiyo baba akawa mtu mwingine. Mkisikia mimi najisifu, jueni nimerithi. Aliapa nyumba yake, waliyoiita baruti, ndiyo itakayokuwa mfano. Aliweka mapipa chini ya ngazi, akayajaza mwenyewe. Akaacha karakanani sufi ya kazi ya siku moja tu. Vyeti vyetu vya kuzaliwa vilitiwa ndani ya debe la biskuti karibu na mlango wa wikio. Kiti cha Bibi akakipigilia juu ya ubao aliouparuza ukawa laini kama sahani, hata mwanamke na mtoto waweze kukiburura bila mwanamume. Filimbi akaitundika karakanani, na Kazungu, fundi wake kutoka Kaloleni, akaambiwa sigara ni mwiko.

"Nivutie wapi sasa, bwana?" Kazungu aliuliza.

"Kavutie Kaloleni."

"Nikifika huko itakuwa imezimika."

"Ndiyo nitakavyo."

Kisha tukafanya majaribio. Baba alipiga filimbi, Kazungu akapaza sauti "moto, moto" kwa uvivu kama muuza samaki asiye na samaki, mama akafunga mtoto mgongoni, mimi nikakimbia mbele kufungua komeo. Kiti kikateleza juu ya mbao za wikio na Bibi akishika mikono ya kiti kama malkia. Mlango wa pili ukafunguka, na Ami Mbarak amesimama hapo, mikono ameitandaza.

"Karibuni, wakimbizi."

Ndani palikuwa na kahawa na halwa. Bibi alikula kipande, akafuta vidole. "Ikiwa moto wenyewe ni mtamu hivi," alisema, "na uje."

Mzee Shee alileta watu kuja kuona. Wakapanda, wakagonga mapipa, wakasukuma kiti, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Baba alikuwa akiwaonyesha kama mtu anayemwonyesha bwana harusi. Ukimtazama ungedhani moto amemuoza binti.

Sikumbuki ulipita muda gani. Mtoto hapimi muda, hupima hamu. Najua tu kwamba siku moja nilikuta rundo la mchanga mlangoni kwa Ami, na Ami akaniita kando.

"Bwana mdogo, wajua kuficha siri?"

"Najua."

"Hata kwa babako?"

Nikafikiri. "Siri ya nini?"

Akainama mpaka ndevu zake zikanigusa sikio. "Najenga tangi. Huko juu. Kubwa, la maji ya kuzimia moto, la nyumba zote mbili. Babako asijue, nataka siku moja nimfungulie mfereji ashangae. Utanisaidia mchanga?"

Nani angekataa? Nilipanda ngazi za Ami na kushuka, na kupanda, ndoo ndogo kichwani, shingo inauma na mimi nacheka peke yangu. Huko juu, kwenye chumba kinachopakana na wikio, palikuwa na shuka limetundikwa kutoka ukuta mpaka ukuta, na nyuma yake fundi anafanya kazi. Sikumuona. Nilisikia mwiko wake ukikwangua, na nikasikia ile harufu, mara yangu ya kwanza kuisikia kwa karibu hivyo. Nilimimina mchanga pale pembeni ya shuka na kurudi. Ami alikuwa ameniambia nisichungulie, kitu kisije kikaniangukia, na mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu. Nilijua tangi lina kuta. Basi kila nikisikia jiwe linawekwa, nilisema moyoni: hilo, ukuta wa kwanza umepanda. Jioni mama aliniuliza mbona nina vumbi la chokaa masikioni. Nikasema nimecheza. Nililala na siri yangu kama mtu aliyelala na sahani ya biriani chini ya mto.

Baada ya hapo Ami akaacha kupita kwa wikio. Alikuja kwa mlango wa njiani, akapiga hodi chini, akapanda ngazi zetu akihema.

"Siku hizi waja kama mtoza kodi," Bibi alimwambia. "Wikio lina nini?"

"Magoti, mama. Kizingiti kile kirefu, chanishinda."

Mama akamhurumia, akamtilia tangawizi kwenye chai. Hebu fikiri. Mtu ana magoti mabovu, anashuka ngazi za kwake zote, anapanda za kwetu zote, apate kukwepa kizingiti kimoja. Nyumba nzima ya watu wazima wenye akili, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Ndivyo mapenzi yalivyo, hayafanyi hesabu. Baba alitaka turudie majaribio, Ami akasema mkewe, Bi Rukia, hajisikii vizuri na hataki wageni, tungoje kidogo. Tukangoja. Mimi kila asubuhi nilitoka kwenye wikio nikautazama ule mlango mzito, umefungwa kama kawaida, na nilijua nyuma yake kuna maji mengi yaliyotulia, ya nyumba zote mbili.

Moto ulikuja asubuhi, wakati wa likizo. Baba alikuwa ametoka kwenda Makadara kununua kitambaa cha magodoro. Mita ya stimu, pale chini ya ngazi, ilikuwa ikivuma kama nzi kwa siku nyingi, na siku hiyo ikatema cheche. Sufi haiwaki kama karatasi. Huunywa moto kimya kimya kwanza, halafu hutoa moshi mweupe, mzito, unaopanda kwa pole kama maziwa yanayochemka. Tulisikia filimbi ya Kazungu, na sauti yake, na safari hii haikuwa na uvivu wowote.

Nataka mjue kwamba mamangu hakupiga kelele. Alifanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Mtoto mgongoni. Debe la biskuti mkononi mwangu. Tukambeba Bibi kumweka kitini, tukaburura, na ubao ukateleza kama baba alivyosema utateleza. Moshi ulikuwa umeshajaza ngazi, lakini sisi ngazi hatukuzihitaji. Nilikimbia mbele kwenye wikio, na kwa kusema kweli sikuogopa. Nilikuwa mtoto pekee Kuze aliyejua kuna tangi.

"Fungua," mama alisema.

Nikainua komeo, nikauvuta mlango kwa nguvu zangu zote.

Nyuma ya mlango palikuwa na ukuta. Mweupe, umepakwa chokaa, umenyooka, pembe zake safi. Ilikuwa kazi ya fundi. Leo ningeitwa kuikagua ningeipitisha. Mama aliuweka kiganja chake kwenye ukuta ule, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mama," nikamwambia, "hilo ni tangi."

Aligeuka akanitazama. Sijaona tena macho kama yale, na sitaki kuyaona. Kisha akavua kiatu chake cha mbao, akaanza kuupiga ukuta kwa kisigino. Akapiga, akapiga. Hatimaye sauti ikaja kutoka upande wa pili, ndogo, kama inatoka ndani ya mtungi. Alikuwa Bi Rukia.

"Nani?"

"Rukia, ni sisi. Kwetu kuna moto. Tufungulie."

"Shukeni kwa chini, mwenzangu. Hapa hapana mlango."

"Tangu lini?"

Bibi akainua uso wake kitini. "Rukia, Mbarak yuwapi?"

"Yuko nje, mama," ukuta ukasema. Hatukusikia neno jingine.

Aliyetutoa ni Kazungu. Alikuwa amemimina mapipa yote ya baba kwenye ngazi, ndoo baada ya ndoo, akaja juu amejifunika gunia lililorowa, macho mekundu. Aliuona mlango uko wazi, akauona ukuta, na akasema kitu kwa Kigiriama ambacho sikukielewa wala sikuhitaji. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Panda mgongoni, mama. Lile gari la zimamoto lililoshindwa kuingia, ndilo hili limekuja."

Bibi akacheka, wallahi alicheka, na hapo ndipo moshi ulipomwingia. Tukashuka sote tumeshikana, mimi nimeshika pindo la shati la Kazungu, ngazi zinatoa mvuke chini ya miguu yetu. Kama si maji yale ya baba, ngazi zisingekuwapo. Hilo nalisema kila mahali: baba yangu alijiandaa vizuri kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, na maandalizi yake ndiyo yaliyotuokoa. Yaliyomshinda ni yale aliyowategemea wengine.

Nje wanaume walikuwa wamejipanga mstari kutoka kisima cha msikiti, wakipokezana ndoo, na aliyefanya kazi kuwashinda wote alikuwa Ami Mbarak. Kanzu ameikunja kiunoni, amerowa, mikono imechubuka. Karakana iliungua yote. Nyumba ya juu ikapona, imeingia weusi. Bibi alilazwa kwenye baraza ya Mzee Shee, kichwa wazi, leso imeangukia ngazini, anakohoa. Baba akaja mbio na majora ya kitambaa begani. Sijui kwa nini hakuyatupa njiani.

"Alhamdulillahi," Ami akamwambia, akimkumbatia. "Wote salama, ndugu yangu. Wote salama."

Mimi nilikuwa bado nimelishika debe la biskuti. Sikuwa na hasira wakati ule, sikuelewa vya kutosha kuwa na hasira. Nilitaka tu kujua.

"Ami," nikasema, "lile tangi liko wapi?"

"Tangi gani?" baba akauliza.

"La juu. La kuzimia moto. Nilimbebea mchanga. Lakini kuna ukuta tu."

Baba akamtazama mama. Mama akamwambia kwa maneno machache. Baba akainua macho kwenye wikio, pale juu yetu, kisha akamtazama Ami, na Ami akatazama ndoo yake. Nikaangalia wale wanaume wengine, nikitegemea washangae kama baba. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alijipangusa uso. Mmoja alianza kukunja kamba. Mzee Shee alitazama viatu vyake.

Hata mtoto anajua maana ya hilo.

"Athmani," Mzee Shee akaanza, "sikiza. Tulizungumza. Wikio ni mbao na boriti. Moto ungetoka kwako ungevuka kwa Mbarak, na ukishafika kwa Mbarak umeshika mtaa. Sisi ndio tuliomshauri."

"Mkamshauri asiniambie."

"Ungekataa."

"Labda ningekataa," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Labda ningetafuta ngazi ya dirishani. Mmekuja kwangu, mmegonga mapipa yangu, mmekunywa kahawa yangu. Haya. Mmeziba. Na mlango mliuacha wa nini?"

Mimi nimekuwa mtu mzima, nimejenga kuta za kuzuia moto katika maghala makubwa, najua kazi yake, na nitawaambia kitu ambacho hamkutegemea kukisikia kwangu: ukuta wenyewe haukuwa kosa. Kama ningekuwa mimi mwenye nyumba ile, na chini ya jirani yangu kuna sufi, pengine ningejenga. Yeye naye alikuwa akijiandaa. Lakini ule mlango, pamoja na komeo lake lililotiwa mafuta, uliachwa ili sisi tuutazame kila siku tukalala usingizi. Swali la baba sijapata mtu wa kulijibu.

Ami alimwendea Bibi. Akapiga magoti pale barazani, maji yanamdondoka ndevuni. "Mamangu," alisema.

Bibi hakumtazama. Alimtafuta mama kwa mkono wake mzima. "Nipe leso," alisema. Mama akavua yake ya mabegani akampa, na Bibi akaivuta kichwani, akafunika nywele zote, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaikaza kidevuni. "Nifunikeni vizuri," alisema. "Hapa kuna mwanamume wa kando."

Nimeona watu wakipigwa, nimeona watu wakifilisika. Sijaona mtu aliyepigwa kama Ami Mbarak alivyopigwa na kipande kile cha kitambaa.

Tulihamia Majengo, nyumba ya kupanga. Mimi nikaacha shule nikaanza kubeba mizigo, na safari hii najua nabeba nini na cha nani, ndiyo mwanzo wa haya yote mnayoyaona. Bibi hakupona kifua. Ami alikuja mara nyingi, na kila alipokuja aliambiwa amelala. Kabla ya Ramadhani kuingia, Bibi akafariki.

Mwanamke wetu akizikwa, wanaoshuka kaburini kumpokea ni maharimu zake. Baba alikuwa ameshashuka. Nilimuona Ami amesimama nyuma ya watu, mbali, kama mtu aliyepita njia akakuta mazishi. Baba naye akamuona. Akanyoosha mkono juu kutoka ndani ya kaburi.

"Shuka, Mbarak."

Akashuka. Wakampokea wote wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, na Ami alilia mpaka mabega yakamtikisika. Mimi nilisimama ukingoni na udongo mkononi, na nilimchukia baba yangu siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia Ami. Nilimwambia tukirudi, bila adabu, barabarani.

"Kwa nini umemwacha ashuke?"

"Wosia wa bibi yako. Alisema, Mbarak ateremke anitie ndani, nimemnyonyesha."

"Alimsamehe?"

"Alimsamehe. Na akaniambia, asiambiwe kwamba mimi mamako ndiye niliyesema. Adhani ni wewe, Athmani, umemwonea huruma."

"Kwa nini?"

"Hakusema kwa nini. Na wewe usimwambie." Nikamwahidi.

Baba alikwenda na siri hiyo. Mama pia. Miaka imepita, nami nikawa huyu niliye sasa, na siku moja, mzee sana, anaongozwa na mjukuu, Ami Mbarak aliingia dukani kwangu. Nilimpa kiti. Nikaagiza chai. Akasifu duka, akasifu magari yangu yaliyopangwa nje, nikamwacha asifu. Halafu akakiweka kikombe kwenye sahani yake.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye uliyebaki. Mama, kabla ya kufa, aliwahi kusema neno lolote? Juu yangu?"

"Hakusema kitu, Ami."

"Hata neno?"

"Hata neno."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Nikamshika mkono mpaka mlangoni, kwa heshima zote, nikamwambia dereva ampeleke Kuze polepole. Mimi ni mtu wa ahadi, muulize yeyote aliyefanya biashara nami. Nimetimiza nyingi kwa jasho na nyingine kwa uchungu. Hiyo niliitimiza kwa raha.